Kona ya Mwalimu: Tuangalie Meno ya Watoto Kabla Hayajapinda

Mwezi uliopita tuliongea juu ya daftari zinazogeuka karatasi za kufungia karanga, na tumeona mabadiliko kidogo, asanteni. Mwezi huu tunataka kuongea juu ya kinywa cha mtoto.

Mtauliza, walimu na meno wapi na wapi? Ni kweli sisi si madaktari. Tuliishia sekondari, na mengi ya hapa chini tumeyapata kwa kuuliza na kusoma. Lakini mwalimu ndiye anayesimama mbele ya watoto wengi kila asubuhi wakifungua midomo, a, e, i, o, u. Mzazi anaona meno ya mtoto wake mmoja au wanne. Sisi tunaona ya darasa zima, na tukiyaona kwa miaka miwili mitatu tunaanza kujua ni nani atakuwa na shida.

Kuna msichana mmoja wa darasa la tano, jina lake tunaliacha. Anasoma vizuri kuliko wengi. Lakini ukimwambia asome kwa sauti, mkono wa kushoto unapanda kufunika mdomo, na kitabu anakishika kwa mkono mmoja tu. Chonge zake za juu zimetokea juu kwenye ufizi, nje ya mstari, kwa sababu pale mahali pake pamejaa. Wenzake wamempa jina ambalo hatuliandiki. Baba yake alijikaza akampeleka kwa mtu wa meno. Akaambiwa kwamba meno kama hayo yanarekebishwa kwa waya, kazi hiyo inafanywa na daktari bingwa, na mabingwa hao katika Uganda ni wachache na wengi wao wako Kampala. Waya inakaa mdomoni zaidi ya mwaka, na kila baada ya wiki chache lazima urudi ikazwe. Mzee alirudi nyumbani akanyamaza. Baadaye alikuja shuleni akatuuliza neno moja tu, "Mwalimu, kwani hii kitu ingeonekana lini?"

Tulienda tukauliza, na jibu ndilo hili: ingeonekana akiwa na miaka sita au saba. Wakati ule labda ingetosha kumtunzia magego ya maziwa yasiharibike, au kumwekea kiwaya kidogo cha kushikilia nafasi. Sisi wakimbizi matibabu ya mwisho hatuyafikii kwa urahisi, hata wenyeji wengi hawayafikii. Yaliyo karibu na sisi ni yale ya mwanzo, na mengi ya hayo hayana gharama kubwa. Kwa hiyo kwetu mapema ndiyo dawa yenyewe.

Sasa tuanze na jinsi meno yanavyokuja. Mtoto anaota meno ishirini ya maziwa, na mengi yanakuwa yameshatoka akifika kama miaka miwili na nusu. Kuanzia miaka sita hivi yanaanza kudondoka, kwanza yale ya mbele ya chini. Hilo kila mtu analijua, na watoto wanayatupa juu ya paa. Lakini kuna gego ambalo wazazi wengi hawalijui. Karibu na miaka sita, nyuma kabisa ya magego ya maziwa, linatoka gego jipya la ukubwa, moja kila upande, juu na chini. Halisukumi jino lolote, halina jino linalodondoka mbele yake, linakuja kimya kimya. Mzazi anafikiri ni la maziwa. Likioza anasema, acha, litadondoka litaota lingine. Wapi! Hilo haliwi na lingine. Ndilo linalobeba kazi ya kutafuna mpaka uzeeni, na ndilo linaloonyesha kama taya la juu na la chini yanakutana sawa.

Ndiyo maana hata chama cha madaktari wa kunyoosha meno cha Marekani kinashauri mtoto aangaliwe kabla hajapita miaka saba. Si kwamba wanamfunga waya akiwa na miaka saba, hapana. Mara nyingi wanamwangalia tu na kusema tungoje. Lakini kwa umri huo magego ya sita yameshatoka, ya mbele yanabadilika, na mtu anayejua anaweza kusoma kinywa kama sisi tunavyosoma rejista. Anaona nani yupo, nani hayupo, na nani amekaa mahali pa mwenzake.

Hapo neno kubwa ni nafasi. Jino la maziwa lina kazi mbili. Moja ni kutafuna. Ya pili ni kumshikia mwenzake mahali mpaka aje, kama mtoto anayetangulia kuweka ndoo kwenye foleni ya maji. Ukiondoa ndoo, walio nyuma wanasogea mbele. Mama akifika hana mahali. Magego ya maziwa yanatakiwa kukaa mpaka mtoto ana miaka kumi, kumi na moja, hata kumi na mbili. Yaking'olewa akiwa na miaka sita kwa sababu yameoza, lile gego jipya la nyuma linateleza mbele, na meno yanayokuja baadaye yanatafuta pa kupita. Mengine yanapanda juu, mengine yanalala, mengine yanabaki ndani ya mfupa.

Kwa hiyo mtu akikwambia "ni ya maziwa tu, toa," muulize kwanza kama linaweza kuzibwa. Na kama lazima litoke, muulize kuhusu kile kiwaya cha kushikilia nafasi. Pengine hana vifaa vyake, lakini kuuliza si kosa. Kungoa kwenyewe si dhambi. Jino lenye usaha na uvimbe haliachwi, maana usaha unaweza kumwua mtoto. Tunasema tu lisiwe jambo la kwanza kufikiriwa.

Na kuoza kunatoka wapi? Hapa tuongee ukweli bila kuoneana haya. Huku Busia na Tororo miwa imejaa, na mtoto akipewa kipande cha muwa ananyamaza. Lakini si muwa peke yake. Ni chai ya sukari nyingi asubuhi, soda ya kugawana, pipi za bei rahisi kwenye kila kibanda, na mbaya kuliko zote, chupa ya chai au juisi anayolala nayo mtoto mdogo mdomoni usiku kucha. Meno ya juu ya mbele yanageuka kahawia, kisha yanakatika kama chaki. Mswaki mara mbili kwa siku, na ule wa usiku usisahaulike. Dawa ya meno iwe yenye floridi. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu weka kidogo kama punje ya mchele, na kuanzia hapo mpaka sita kama punje ya njegere. Aiteme, asiimeze. Kama hakuna dawa, mswaki mtupu au kijiti kilichotafunwa vizuri ni afadhali kuliko kulala hivyo hivyo. Na mtoto wa chini ya miaka saba hajui kujisugua. Anapitisha mswaki kama anayefagia uwanja akiwa amechelewa shule, kwa hiyo msugueni nyinyi.

Jambo ambalo tumelifikiria sana kabla ya kuliandika ni hili la meno ya plastiki.

Kila jamii ina jina lake. Huku Uganda wapo wanaoita ebinyo. Kenya na Tanzania watu wanasema meno ya plastiki au meno ya nailoni. Mtoto wa miezi minne, mitano, sita anapata homa, anahara, anatapika, anakataa kunyonya. Mtu mzima anampapasa ufizi, anakuta uvimbe mweupe pale pembeni, mahali pa chonge. Anasema, haya ndiyo yanayomwua mtoto, yatolewe. Anaitwa mtu mwenye spoku ya baiskeli iliyonolewa, au kisu kidogo, au msumari. Anachimba. Kinatoka kitu cheupe, laini, kama funza. Wanamwonyesha mama: umeona?

Mama ameona, ndiyo. Lakini alichoonyeshwa ni jino. Ni chonge ya maziwa ya mtoto wake mwenyewe, bado changa, haijawa ngumu, kwa sababu ilikuwa haijafika wakati wa kutoka. Ingetoka yenyewe akiwa na kama mwaka mmoja na nusu. Ule uvimbe mweupe uko kwa kila mtoto wa dunia hii, mgonjwa na mzima. Ni jino linasukuma ufizi. Na miezi ile ile ndiyo mtoto anaanza kutambaa, kuokota vitu chini na kutia mdomoni, kuonjeshwa uji na maji ya kikombe. Ndiyo sababu anahara. Homa nayo huku kwetu mara nyingi ni malaria. Mambo mawili yamekuja pamoja, basi moja limesingiziwa lingine.

Jambo hili si la kabila moja wala la wakimbizi peke yao. Mwaka 1969 daktari mmoja Mdenmark, Jens Pindborg, aliandika juu yake baada ya kuangalia vinywa vya Waacholi wa kaskazini mwa Uganda. Mwaka 1995 watafiti wa Kenya walitoa matokeo yao kuhusu Wamaasai wa vijijini, na zaidi ya nusu ya watoto waliowaangalia walikuwa wameshatolewa mbegu za chonge. Limeonekana Tanzania, Ethiopia, Sudani. Na watu waliohama wamelibeba mpaka Ulaya na Marekani, ambako madaktari wa meno walishangaa kukuta watoto wa Kiafrika hawana chonge pande zote.

Hatari ya kwanza ni kifo. Spoku ile haijachemshwa. Jana ilikuwa kwenye mdomo wa mtoto mwingine. Inaleta pepopunda, inaleta sumu ya damu, inaweza kuleta virusi vya UKIMWI. Mtoto aliyekwisha kuishiwa maji kwa kuhara anatolewa damu juu yake. Wengine hawafiki asubuhi, na inasemwa kwamba meno yalikuwa yamechelewa kutolewa.

Hatari ya pili ndiyo inayoingia kwenye mada yetu. Mbegu ya chonge ya ukubwa imelala karibu kabisa na ile ya maziwa. Spoku haina macho. Inachimba hii, inagusa na ile. Miaka kumi baadaye chonge ya ukubwa haitoki, au inatoka na umbo baya, au inatokea mahali si pake. Na jirani zake, wakiwa hawana wa kuwazuia, wanasogea na kuinama, mpaka mstari wa katikati wa meno unahama upande mmoja. Katika darasa la pili na la tatu, watoto tunaowaona hawana chonge za maziwa kabisa si mmoja wala wawili.

Tulimwuliza mama wa mmoja wao, kwa upole, walifanya lini. Akasema ilikuwa njiani, wakati wa kukimbia. Mtoto alikuwa na miezi mitano, anahara siku ya tatu, hawajafika mpakani, hakuna zahanati, hakuna mtu anayemjua. Mwanamke mmoja mzee kwenye msafara akasema anaweza kusaidia. "Mwalimu," akatuambia, "wewe hukuwepo. Mtoto alikuwa anazima mikononi. Ningefanya nini?" Hatukuwa na jibu, na hatutaki mtu ye yote asome ukurasa huu aende kumnyoshea kidole mama kama huyo. Alifanya kile alichoambiwa kinaokoa. Mtoto wake yuko hai. Kwa sasa tunamfuatilia meno yake, na tumemwambia ampeleke akaangaliwe akifika miaka saba kamili bila kungoja maumivu.

Lakini hapa hatuko njiani tena. Mwezi jana mama mmoja kijana, mtoto wake wa kwanza, alikuja nyuma ya darasa akiwa amembeba mtoto amelegea. Nyumba ya jirani walikuwa wameshampapasa ufizi na kumwambia atafute pesa jioni. Yeye mwenyewe alikuwa na shaka. Tulimwambia twende kwanza kituo cha afya, habari ya meno tutaizungumza tukirudi. Walimpima damu, kumbe malaria. Akapewa dawa, akapewa na pakiti za ORS, na siku ya nne tulimwona anatambaa mlangoni kwao. Nyanya yake alimpapasa ufizi tena. Uvimbe ulikuwa pale pale na mtoto anacheka. Nyanya akasema, "Sasa mbona hii haikumwua?" Hatukusema kitu, ni mtu mzima, tulimwachia swali lake.

Kwa hiyo mtoto mchanga akihara, mpe ORS na uendelee kumnyonyesha, kisha kituo cha afya, siku hiyo hiyo kama ana homa, au macho yameingia ndani, au hataki kunyonya. Huko atapewa na vidonge vya zinki. Kama pakiti ya ORS haipo, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi. Si zaidi ya hapo kwa chumvi. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko. Na ufizi msiupake kitu, wala majani, wala chumvi ya kusugua.

Kuna na desturi nyingine tuiseme kwa heshima. Waluo zamani waling'oa meno sita ya mbele ya chini, na kati ya ndugu zetu Wadinka na Wanuer wapo waliofanya hivyo kwa vijana wao. Wazee husimulia kwamba ilikuwa alama ya kukua, na pia njia ya kumnywesha mgonjwa aliyekaza taya kwa pepopunda. Siku hizi pepopunda ina chanjo, mtoto anapewa. Jino la ukubwa likitoka halirudi, na mtoto wa leo ana herufi za kutamka shuleni. Wenyewe mnajua zaidi yetu, tunaliacha hapo.

Turudi kwenye mambo madogo. Kunyonya kidole. Mtoto wa mwaka mmoja au miwili mwache, ndiyo faraja yake, na watoto wetu wengine wana sababu za kutafuta faraja. Mengi yanaacha yenyewe. Lakini akipita miaka minne bado ananyonya usiku kucha, meno ya juu yanasukumwa nje, ya chini yanasukumwa ndani, na mbele panabaki dirisha. Meno ya nyuma yamefungwa lakini ya mbele hayakutani, hawezi kukata hata mkate. Pilipili kwenye kidole na makofi havisaidii, tumeona. Mtoto aliyechapwa kwa kidole anajificha chini ya blanketi ananyonya zaidi. Mpe kitu cha kushika, mfunge kitambaa laini mkononi usiku kama yeye mwenyewe amekubali, msifu asubuhi. Akiacha kabla meno ya ukubwa hayajatoka, mara nyingi dirisha linajifunga lenyewe.

Mtoto anayelala mdomo wazi kila siku na kukoroma kama mzee, huyo naye apelekwe. Pengine kuna nyama zimevimba nyuma ya pua. Si meno peke yake, hata kulala halali vizuri, na darasani tunamwona anasinzia saa nne asubuhi.

Sasa namna ya kumwangalia nyumbani. Mkalishe mlangoni penye mwanga wa jua, asubuhi, akiwa ameshasugua. Mwambie aume meno ya nyuma, kisha umfungue midomo taratibu kwa vidole safi. Meno ya juu yanatakiwa yafunike ya chini kidogo kwa nje, pande zote, kama kifuniko cha sufuria. Ukiona jino moja au zaidi la juu limeingia ndani ya yale ya chini, hilo lisingoje. Mtazame pia akifunga mdomo polepole. Kama kidevu kinateleza upande mmoja ndipo meno yakutane, mpeleke, maana taya linakua likifuata upande huo. Kama jino la mbele la kulia limetoka na la kushoto limepita nusu mwaka halijaonekana, mpeleke. Na kama meno ya juu yamechomoza mpaka midomo haifungi, mpeleke pia, kwa sababu huyo ndiye atakayeyavunja siku akianguka kwenye mpira.

Tukitaja kuanguka, jino la ukubwa likidondoka zima, lishike upande wa kutafunia, usishike mzizi, lisuuze mara moja kwa maji safi bila kulisugua, lirudishe palepale au uliweke ndani ya maziwa, ukimbie hospitali. Saa moja ya kwanza ndiyo yenye bahati. Jino la maziwa usilirudishe.

Na yapo ambayo hayahitaji haraka, tusije tukawajaza hofu bure. Jino la chini likitokea nyuma ya la maziwa, meno yakawa mistari miwili, usishtuke. Mwache alitikise lile la zamani kwa ulimi. Kama la maziwa linacheza, mengi yanatoka yenyewe na jipya linasogea mbele. Kama limeganda halichezi kabisa miezi imepita, ndipo uulize. Na yule wa miaka saba, nane, ambaye meno mapya ya juu yamekuja makubwa, yameachana katikati, anaonekana kama si mtoto wako, mwache. Mara nyingi mwanya huo unapungua chonge zikishuka karibu na miaka kumi na moja au kumi na mbili. Na usipopungua? Kwetu mwanya ni urembo, mashairi na nyimbo zimeusifu tangu zamani, hatuoni kwa nini mtu auzibe. Huo ni msimamo wetu, daktari anaweza kucheka.

Wapi pa kwenda? Si kila kituo kina mtu wa meno. Katika mpango wa afya wa Uganda, huduma ya meno inaanza hasa kwenye vituo vya ngazi ya nne na hospitali. Tukitoka upande huu wa Kwapa, kilicho karibu ni Mukuju ngazi ya nne, kisha hospitali kuu ya Tororo. Ulizeni kwanza siku ambayo mtu wa meno yupo na kama vifaa vipo, msije mkalipa boda boda bure. Serikali ya Uganda iliondoa malipo katika vituo vyake mwaka 2001, na mkimbizi anatibiwa pale kama mwananchi. Lakini dawa zikikosekana mtaambiwa mkanunue, hilo mnalijua. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inatuacha tutembee ndani ya nchi, kwa hiyo Mukuju au Tororo hakuna shida. Wengine wanaona Malaba iko hapo tu, wanataka kuvuka kwenda Kenya kutafuta daktari. Pateni karatasi kwanza. Mtu asipoteze hadhi yake kwa ajili ya jino.

Mkifika, msiseme tu "mtoto aangaliwe meno." Mtaambiwa hana tundu, nendeni. Semeni: tunataka kujua kama meno yanakuja sawa, kama nafasi inatosha, na kama taya zinakutana. Mkiambiwa tungoje, ulizeni tungoje mpaka lini, na muiandike kwenye kitabu cha mtoto. Kuna vitu vidogo vinavyowezekana hata bila bingwa. Kwa mfano, jino moja la mbele lililoanza tu kutoka likiwa limeingia ndani, wakati mwingine linasukumwa kwa kijiti bapa cha mbao mtoto akikiuma kwa zoezi la kila siku, baada ya daktari kuonyesha namna. Ukichelewa mwaka mmoja kijiti hakifanyi kitu tena.

Tumesikia na wale wanaosema, hayo yote tutayarekebisha tukifika Marekani. Tunawaelewa, kila mtu ana faili yake. Lakini Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na wengi waliokuwa wameshauza vyombo walibaki. Hata kwa waliofika, bima ya serikali kule inalipa waya za mtoto pale tu ambapo meno yamepinda kwa kiwango cha kumdhuru, si kwa kila anayetaka. Gego la miaka sita halingoji ndege.

Yule baba wa darasa la tano tumemrudia. Binti yake hajachelewa kabisa, waya inaweza kufanya kazi hata kwa mtu mzima, tatizo ni safari na pesa. Tumemwandikia barua ya kupeleka kwenye ofisi inayohusika na matibabu ya rufaa na tunangoja. Jibu likija tutaliandika hapa, liwe zuri au baya. Darasani tumebadilisha kidogo kusoma: sasa wanasoma wawili wawili wakiwa wameketi, na kwa mara ya kwanza tumeona kitabu anakishika kwa mikono yote miwili. Lile jina walilompa tumelipiga marufuku, na nyinyi nyumbani tusaidieni.

Ana mdogo wake wa miaka sita, yuko darasa la kwanza. Baba mwenyewe alimleta, akamfungua mdomo mbele yetu mlangoni. Gego la nyuma la chini upande wa kulia limeshachungulia, jeupe, bado ufizi umelifunika nusu.

Kila Jumatano baada ya masomo, mwezi huu wote, tutakuwa nje ya darasa la kwanza na maji, sabuni na kioo. Leteni watoto wa miaka sita mpaka tisa. Hatung'oi mtu na hatuna dawa. Tutatazama pamoja na mzazi, na wale wa kupelekwa Mukuju tutawaandikia majina ili mwende kwa kikundi na kuchangia usafiri. Mwezi ujao tutajibu swali la nyanya mmoja wa upande wa kisima: kwa nini mjukuu wake anaandika kwa mkono wa kushoto, na kama ni vibaya.